Alikuwa Anapanga Nini?

Baba alipofariki, nyumba yetu ya Mtwara ilijaa watu mpaka uani. Katikati ya kilio kile jirani yetu aliingia na kalamu sikioni, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye mkeka karibu na mama na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa anapanga nini?"

Mama aliinua uso. Nilidhani atamzaba kofi.

"Nini?"

"Marehemu, dada. Alikuwa anapanga nini? Wiki hii, mwezi ujao. Kitu chochote."

Mama aliangalia dirishani, kisha akajibu kwa hasira, "Banda la kuku. Alitaka kulihamisha liende kivulini, kuku wanaungua pale lilipo. Umeridhika?"

"Nimeridhika, dada. Pole sana," alisema, akaandika.

Kesho yake makaburini ulisomwa wasifu wa marehemu, kama ilivyo desturi yetu Wakristo tuliokuja Mtwara na kazi za serikali. Zilisomwa shule alizofundisha baba, watoto aliowaacha, ugonjwa uliomchukua. Kila mtu alikuwa anangoja amina. Badala yake msomaji akaendelea: "Mpaka anaitwa, marehemu alikuwa na mpango wa kulihamisha banda la kuku liende kivulini, kwa sababu kuku walikuwa wanaungua na jua." Mtu mmoja akacheka huku analia. Akafuata mwingine. Mama naye, aliyekuwa ameshikiliwa huku na huku asianguke, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Matanga yalipoisha, wanaume wa mtaani walikuja na nyundo zao bila kuitwa, wakalihamisha lile banda.

Sijawahi kusoma sentensi iliyofanya kazi kubwa kuliko ile. Nilikuwa msichana wa sekondari wakati huo, na ninaamini siku ile ndipo nilipotaka kuwa mwandishi.

Mtaa mzima ulimwita jirani huyo Karani, kwa sababu ya kazi yake kwenye ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari. Huko alijaza karatasi za korosho za watu. Nje ya ofisi aliandika kila kitu: risala za mahafali, hotuba za wazee wasiopenda kuhutubia, barua za posa, na zaidi ya vyote wasifu wa wafu. Hakuna msiba wa Kikristo uliopita mtaani kwetu bila kalamu yake. Alipoingia mlangoni, wafiwa walikuwa wameshajua swali atakalouliza, na wengine walianza kulijibu kabla hajakaa. Alikuwa anapanga kununua baiskeli. Alikuwa anapanga kumtafuta mjomba wake aliyeko Kitaya. Alikuwa anapanga kuacha pombe kuanzia Jumatatu. Karani aliyaandika yote kwa heshima ileile, na mara nyingi watu walijikuta wanaitimiza ile mipango. Yule mjomba wa Kitaya alitafutwa na akapatikana.

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu aliyetulia. Hakuwa. Sijapata kuona mtu mwenye wasiwasi kama Karani, nami mwenyewe si haba.

Alifunga kufuli la mlango, akalivuta, akaondoka, akarudi kulivuta tena. Akishamaliza alimwomba mkewe naye alivute, eti mkono wa mtu mwingine unaweza kugundua kitu. Mvua ikinyesha aliwaza mabati ya watu asiowajua. Msimu wa korosho, malori yakipanga foleni barabara ya bandarini, alikuwa na hofu kwamba moja litarudi nyuma, na kwamba nyuma ya lori hilo atakuwepo mtoto. Nilipoanza kusafiri kwenda Dar es Salaam alinipigia simu kuniuliza kama nimefika, na mimi bado niko stendi, nimekaa kwenye begi langu, basi halijaja. "Haya, ukifika niambie," alisema. Baada ya muda akapiga tena. Zaidi ya yote aliiogopa bahari. Nyumba zetu ziko mwendo mfupi tu kutoka ufukwe wa Shangani, lakini kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona ameteremka kule. Maji yakijaa na mawimbi yakisikika, alifunga dirisha la upande huo.

Dawa aliyojitengenezea ilikuwa kiti. Kilikuwa kiti cha mbao, kibovu, mguu mmoja mfupi, alichokiweka kibarazani. Kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa pale peke yake, mikono magotini, akahangaika. Ukipita ukamsalimia aliinua kiganja kukuzuia. "Nipo kazini, binti. Njoo baadaye." Alihangaika kwa bidii, kama mtu anayefua nguo nzito, mpaka mkewe alipomwita chai. Hapo alisimama, akajikung'uta suruali, akaingia ndani akiwa mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia kile kiti. Alisema kimejaa.

Mimi peke yangu ndiye niliyewahi kukikalia. Muswada wangu wa kwanza ulikuwa umekataliwa, na waliokataa waliandika maneno machache ya adabu ambayo niliyasoma mpaka nikayajua kwa moyo. Niliwaza kwamba sina kipaji, kwamba nimewadanganya walimu wangu, kwamba mama atakufa hajaona jina langu kwenye jalada. Nilikwenda kwa Karani nikiwa na macho mekundu. Hakuniambia nijipe moyo. Alinishika bega, akanikalisha kwenye kiti chake, akaingia ndani kubandika chai. Nikakaa pale nikiyumba kwenye ule mguu mfupi, nikahangaika kwelikweli, bila kujizuia, bila mtu kunitazama. Kisha nikasikia sauti yake. "Inuka. Imeiva."

Tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Alipomaliza kikombe aliniuliza, "Sasa unapanga nini?"

"Sijui, baba."

"Kidogo tu. Hata kunoa penseli."

"Labda nianze upya ile hadithi ya pili."

"Basi hujafa," alisema, akanimiminia chai nyingine.

Swali lile la msibani alikuwa anatuuliza na sisi tulio hai, na kwa muda mrefu ndilo lililonishikilia nisiache kuandika. Mpaka leo nikikwama naliuliza, na mara nyingi jibu huwa dogo la kuchekesha, lakini huwa lipo.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, Mwislamu wa pale pale pwani, aliyekaanga samaki mlangoni kwake mkabala na nyumba ya Karani. Tulimwita Bibi wa Samaki. Siku moja alivuka barabara, akapiga hodi na kusema anataka wasifu wake.

"Lakini bibi, ninyi kwenye maziko hamsomi wasifu," Karani alimwambia.

"Ndiyo maana nautaka sasa. Sisi mtu akifa anafukiwa haraka, nani atakaa anisifu? Nisomee nikiwa nasikia."

Karani aliandika, kisha akamsomea kibarazani, mimi nikiwepo. Alipofika kwenye "alikuwa mpole na mwenye subira," Bibi wa Samaki alimkatiza.

"Upole huo wa nani?"

"Ni namna ya kusema tu, bibi."

"Mimi mkali. Andika mkali. Wasije wakadhani umemwandika mtu mwingine."

Karani akafuta, akaandika mkali. Halafu akamuuliza anapanga nini. Bibi akaokota kijiti chini akakivunja vipande. Akasema kuna mdogo wake Mikindani, hawasemezani tangu walipogombania vyombo vya marehemu mama yao. "Napanga kupatana naye. Ila aanze yeye."

"Niandike na hilo la aanze yeye?"

"Liandike."

Karani aliliandika, akalisoma kwa sauti. Likasikika vibaya. Bibi wa Samaki alitukana kidogo, akaenda zake, na Ijumaa ile tulimwona amevaa buibui lake zuri na kikapu cha samaki mkononi, anasubiri gari la Mikindani. Hakuanza mdogo wake. Alianza yeye.

Sasa nitaeleza habari ya mkewe Karani, ambayo kila nikiikumbuka moyo unauma.

Mke wa Karani alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye kicheko cha puani. Aliishi na wasiwasi wa mumewe kama mtu anavyoishi na mgonjwa wa pumu: anajua lini ataanza kukohoa. Alilivuta kufuli alipoombwa kulivuta. Aliugua ghafla msimu mmoja wa mvua, akafariki hospitalini kabla hatujazoea kwamba anaumwa. Nilikuja kutoka Dar. Nyumba ilijaa, na safari hii Karani alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa wafiwa, karatasi nyeupe mapajani. Alikataa mtu mwingine aandike. Shule aliandika, ndoa akaandika, watoto akaandika. Kisha kalamu ikasimama.

Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe akageuza uso kwangu, na nilimwona ameshtuka kama mtu aliyeingia chumba chake mwenyewe akakuta si chake. "Alikuwa anapanga nini?" aliniuliza. "Mwanangu, mimi sijui."

Alikuwa ameuliza mtaa mzima. Nyumbani kwake, kumbe, alikuwa hajauliza. Kila mchana alikaa kibarazani akihangaika kwamba mkewe ataugua, ataanguka kisimani, atagongwa na lori, na katika mahangaiko yote hayo haikumjia akilini kumuuliza anataka nini.

Bibi wa Samaki ndiye aliyejibu. Alikuwa kwenye kona ya akina mama, kichwa kimefunikwa. "Alikuwa anapanga kwenda kuoga baharini," alisema. "Na wewe. Alisema ameishi na bahari miaka yote hii kama jirani asiyeamkiana naye. Kakununulia mpaka kaptula, pale mnadani kwenye mitumba. Ya buluu. Iko chini ya vitenge vyake."

Waliingia chumbani wakaikuta chini ya vitenge. Karani aliishika akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha aliandika sentensi ya mwisho, na kesho yake ikasomwa makaburini: "Mpaka anaitwa, marehemu alikuwa na mpango wa kwenda kuoga baharini pamoja na mume wake." Hakuna aliyecheka. Wanaume wa mtaani waliokuwa mabingwa wa kutimiza mipango ya wafu walitazama chini, maana huu haukuwa wa kutimizwa kwa nyundo, wala na mtu mwingine yeyote isipokuwa Karani mwenyewe.

Hakwenda. Nilisikia kwa mama kwamba kaptula hufuliwa na kuanikwa kila mara, kisha hurudishwa kabatini, haijavaliwa hata mara moja.

Tena kuna riwaya. Nimeichelewesha kwa sababu ndiyo inayonisikitisha kwa namna nyingine, ya mwandishi kwa mwandishi.

Karani alikuwa anaandika riwaya tangu kabla sijamfahamu. Alinisomea sehemu kubwa, sura baada ya sura, na naapa ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Ni habari ya mama mmoja wa Kitaya anayevuka mto Ruvuma kwa mtumbwi kwenda msibani kwa dada yake, upande wa Msumbiji. Akiwa huko mto unajaa, njia inafungwa, mambo yanaharibika, na safari ya siku mbili inakuwa maisha mengine. Ana watoto upande wa huku. Anauza chumvi, anajifunza kuongea kama wenyeji, anaota nyumba yake. Sura ya mwisho ilipaswa kumrudisha. Karani alimfikisha mpaka ukingoni, mzigo kichwani, akitazama upande wa kwao. Hapo akamwacha.

"Mvushe, baba," nilimwambia mara nyingi.

"Nikimvusha atakuta nini? Kama watoto hawamkumbuki? Kama mtumbwi utapinduka? Unajua mamba waliopo pale?"

"Wewe ndiye unayeandika. Mamba waondoe."

"Siwezi kuwaondoa mamba, binti. Wapo."

Nilimpelekea majina ya wachapishaji. Nilimwambia hata bila sura ile inatosha. Alisema ni karibu, anapanga kuimaliza baada ya msimu wa korosho, baada ya Pasaka, baada ya mvua. Nilimwamini, kwa sababu kwake mtu mwenye mpango hajafa. Nilichelewa kuona kwamba mpango unaweza pia kuwa mahali pa kujificha. Mtu aliyetupa sisi wote ujasiri wa kuinuka kitini alikuwa amekaa kwenye kiti kingine, ndani kabisa, na huko hakuna aliyewahi kumwita chai ainuke.

Nilipokwenda nyumbani mara hii ya mwisho nilimkuta amekonda. Amestaafu, mkono wa kulia unatetemeka, ile hati yake nzuri imeharibika. Mvi zimemjaa mpaka kwenye nyusi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimefunga mlango wa mama vizuri. Kisha akasema, "Nataka uniandikie wasifu. Nisomee nikiwa nasikia, kama Bibi."

Nilicheka ili nisilie. Nikachukua karatasi. Tulipitia shule, kazi, ndoa, watoto. Nikafika kwenye swali lake, na lilikuwa gumu kulitamka kuliko nilivyodhani.

"Unapanga nini, baba?"

Nilishajua atasema riwaya. Hata nilikuwa nimeshaanza kuandika neno lenyewe.

"Kwenda baharini," alisema.

"Na riwaya?"

"Riwaya niliacha kuipanga zamani. Siku hizi naikumbuka tu."

Alilisema bila uchungu, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliweka kalamu chini. Nilijisikia kama nimefika kwenye msiba ambao sikuambiwa.

"Basi twende," nilimwambia.

"Lini?"

"Sasa hivi. Jua bado liko juu."

Alianza kuorodhesha. Upepo. Kifua chake. Mlango. Wale samaki wenye miiba. Nilikubaliana naye kwa kila moja, na huku nikikubali nilikuwa nimeshaitoa kaptula kabatini. Ilikuwa imepauka kwa kufuliwa. Alipotoka nayo chumbani, miguu myembamba kama ya kuku wa mama, Bibi wa Samaki aliinuka kwenye karai lake mkabala, akatutazama, akaziba mdomo kwa kanga. Kufuli alilivuta Karani, nikalivuta mimi, Bibi akavuka barabara akalivuta na yeye.

Shangani maji yalikuwa yametulia. Alisimama mchangani muda mrefu, nikamwacha ahangaike. Kisha akanishika mkono na tukaingia. Maji yakafika kwenye vifundo. Alifumba macho. Yakafika magotini. Tulitembea, tukatembea zaidi, na kila hatua alikuwa anangoja ardhi iishe chini yake. Haikuisha. Tulikuwa mbali na ufukwe na maji bado yalikuwa mapajani. Alifumbua macho, akageuka kutazama mchanga tulikotoka, akatazama mbele, akatazama tena miguu yake iliyoonekana wazi chini.

"Ni mafupi hivi?" alisema.

"Hapa, ndiyo. Mbele kuna kina."

"Lakini hapa. Hapa tungekuja na mama watoto." Alipoongea tena hakuwa anamzungumzia mkewe peke yake. "Yule mama wa watu nimemsimamisha ng'ambo na mzigo kichwani. Miaka yote hii. Mimi sikuwahi hata kuingiza mguu majini."

"Bado yupo pale?" nilimuuliza.

Karani alifikiri. Aliinama akachota maji kiganjani, akajimwagia kifuani kama mtu anayeoga.

"Yupo," alisema. "Ila amezeeka."